Namba Mbili Tu: Jinsi ya Kusoma Atomi na Mionzi Bila Kukariri

Mwanafunzi akija kwangu tuisheni, hapa Nyakato, Mwanza, na daftari lake la kemia, kitu cha kwanza namwomba anichoree atomi ya sodiamu. Wengi wanachora vizuri: kiduara katikati, mizunguko mitatu, vitone vya elektroni 2, 8 na 1. Kisha namuuliza kwenye kile kiduara cha katikati kuna nini, na vingapi. Hapo kalamu inasimama.

Elektroni tunazipenda kwa sababu zinachoreka. Kiini tunakiacha kitupu. Halafu mwalimu wa fizikia akileta mionzi, ambayo karibu yote ni habari za kiini, mtu anaanza kukariri upya akidhani hii ni mada nyingine kabisa. Kumbe ni namba zile zile mbili zinazoandikwa ubavuni mwa alama ya elementi, moja juu, moja chini. Ukizielewa hizo, maswali mengi yanabaki kujumlisha na kutoa.

Kabla hujaanza tafuta daftari la grafu, penseli, kikokotoo, mkasi, na boksi moja tupu. Lile la sabuni la dukani linatosha. Gawa ukurasa wa daftari lako sehemu mbili. Kushoto eleza jambo kwa Kiswahili kama unavyomweleza mdogo wako nyumbani. Kulia nakili istilahi za Kiingereza kutoka kitabu cha shule, kwa sababu mtihani utakuja kwa lugha hiyo. Fuata mpangilio huo: kushoto kwanza. Nimeona vijana wanaojua istilahi kumi na tano na hawawezi kueleza hata moja.

Hatua ya kwanza: jaza kiini kabla ya kuchora elektroni

Ndani ya kiini kuna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, zisizo na chaji. Uzito wa protoni na wa nyutroni unakaribiana sana. Nje ya kiini kuna elektroni zenye chaji hasi, nyepesi mno: zinahitajika kama 1,836 kufikia uzito wa protoni moja. Ndiyo maana tukipima uzito wa atomi hatuzihesabu.

Namba ya chini ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni. Hiyo ndiyo inayotoa jina. Protoni 11 ni sodiamu, protoni 12 ni magnesiamu, wala hakuna mjadala. Namba ya juu ni namba ya masi: protoni na nyutroni kwa pamoja. Kwa hiyo nyutroni hazikaririwi, zinatolewa. Sodiamu ni 23 juu na 11 chini: 23 − 11 = 12. Sasa rudi kwenye ule mchoro wako, andika ndani ya kiduara "protoni 11, nyutroni 12". Usichore atomi nyingine yoyote ikiwa na kiini kitupu kuanzia leo.

Kosa linalojirudia hapa ni la ioni, yaani atomi iliyopata au kupoteza elektroni. Ioni ya kloridi ina chaji ya hasi moja, na mtu anakimbilia kubadilisha protoni. Protoni hazigusiki kwenye kemia ya kawaida. Klorini ina protoni 17. Ikichukua elektroni moja, inakuwa na elektroni 18 na protoni zake zinabaki 17. Chaji inapobadilika, tazama nje ya kiini.

Tulijuaje kwamba kiini kipo? Mwaka 1909 jijini Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa (viini vya heliamu vyenye kasi, tutavirudia kwenye hatua ya nne) kwenye karatasi nyembamba sana ya metali. Karibu zote zilipita. Chache zilipinda njia, na takriban moja katika 8,000 ikarudi ilikotoka. Mvuvi wa ziwa letu, Victoria, hahitaji maelezo marefu hapo. Maji yetu yana majabali yaliyozama yasiyoonekana kutoka juu. Mitumbwi mingi ikipita salama na mmoja ukagonga ukarudishwa nyuma, unajua mambo mawili papo hapo: jiwe lipo, tena ni gumu, na nafasi linayochukua ni ndogo ukilinganisha na maji. Mwaka 1911 Rutherford alisema hivyo hivyo kuhusu atomi.

Udogo wa kiini unashangaza. Chukua punje moja ya ulezi, iweke katikati ya uwanja wa CCM Kirumba, pale mpira unapoanzia. Punje hiyo iwe kiini cha haidrojeni. Basi elektroni yake iko umbali wa magolini, na kati yake na punje hakuna kitu.

Hatua ya pili: isotopu, kwa mizani ya samaki

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi samaki wanaposhushwa. Sangara wa kilo mbili ni sangara, na sangara wa kilo arobaini ni sangara. Mizani inabadilisha bei, haibadilishi jina. Kwenye atomi nako jina linatoka kwenye protoni, na uzito unaweza kutofautiana kwa sababu ya nyutroni. Atomi za elementi moja zenye nyutroni tofauti ndizo isotopu. Zote zina elektroni sawa, kwa hiyo kikemia zinafanya kazi ile ile.

Swali la klorini linaloletwa mara kwa mara linatoka hapo. Mbona uzito wa atomi wa klorini ni 35.5 wakati hakuna nusu nyutroni? Fikiria sangara wanne kwenye toroli: watatu wa kilo 35 na mmoja wa kilo 37. Jumla ni kilo 142, gawa kwa 4, unapata 35.5. Hakuna hata samaki mmoja mle mwenye kilo 35.5, huo ni wastani. Klorini ya asili ina karibu robo tatu ya klorini-35 na robo moja ya klorini-37. Uzito wa atomi ni wastani wa mzigo wote, namba ya masi ni ya atomi moja. Andika sentensi hiyo upande wa kushoto wa daftari.

Hatua ya tatu: elektroni, haraka

Sehemu hii shule zinaifundisha vizuri, sitakaa sana. Kwa elementi 20 za kwanza, mzunguko wa kwanza unabeba 2, wa pili 8, wa tatu 8, zinazobaki zinakwenda wa nne. Kalsiamu ni 2, 8, 8, 2. Idadi ya mizunguko inakupa kipindi na elektroni za mwisho zinakupa kundi kwenye jedwali la elementi. Heliamu peke yake ina elektroni 2 za mwisho lakini inakaa na gesi adimu, kwa sababu mzunguko wake umejaa.

Hatua ya nne: milinganyo ya kiini

Viini vingine havijatulia. Vina nyutroni nyingi mno au chache mno kwa protoni zake, au vimekuwa vikubwa kupita kiasi. Kiini cha namna hiyo kinatoa kitu na kubadilika. Henri Becquerel aliona dalili za jambo hili mwaka 1896 katika chumvi ya urani, na mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakagundua poloni na radiamu.

Chembe ya alfa ni kiini cha heliamu: 4 juu, 2 chini. Inazuiwa na karatasi au sentimita chache za hewa. Beta ni elektroni yenye kasi inayotoka kwenye kiini: 0 juu, −1 chini, na inazuiwa na bati la alumini la milimita chache. Gama ni nishati tupu, 0 juu na 0 chini. Haizuiwi kabisa, inapunguzwa tu na bamba nene la madini ya risasi au ukuta mnene wa zege.

Kanuni ni moja. Jumla ya namba za juu upande wa kushoto ilingane na jumla ya juu upande wa kulia. Za chini vivyo hivyo. Ni kama daftari la duka, kilichoingia na kilichotoka lazima vilingane.

²³⁸₉₂U → ²³⁴₉₀Th + ⁴₂He

Juu: 238 = 234 + 4. Chini: 92 = 90 + 2. Hukukariri kwamba urani inazaa thoriamu. Ulitoa 2 kwenye 92, ukapata 90, ukaangalia jedwali nani ana protoni 90.

Beta ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo tulia hapa. Kiini hakina elektroni ndani yake. Kinachotokea ni kwamba nyutroni moja inageuka kuwa protoni, na katika kugeuka huko elektroni inazaliwa na kutoka mbio. Basi protoni zimeongezeka kwa moja, na jumla ya chembe ndani ya kiini ni ile ile.

¹⁴₆C → ¹⁴₇N + ⁰₋₁e

Chini: 6 = 7 + (−1). Mwanafunzi anayeona "imetoka" anakimbilia kutoa, anaandika 5, anapata boroni. Hakiki kila mara: 5 na −1 ni 4, si 6. Hesabu yenyewe inakukatalia. Ukitoka kwenye chumba cha mtihani bila kuhakiki jumla ya chini umeacha maksi mezani.

Hatua ya tano: kata boksi

Nusu maisha ni muda unaotakiwa ili nusu ya viini vilivyopo vibadilike. Watu wanaisema bila kuiona. Hii hatua usiiruke, hata kama mtihani uko wiki ijayo.

Kata boksi vipande 100 vya mraba vinavyolingana, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kila kipande kitie X upande mmoja. Viweke kwenye sufuria, funika, tikisa, mwaga kwenye mkeka. Vyote vilivyoonyesha X vimebadilika, viondoe. Hesabu vilivyobaki, andika. Rudisha hivyo kwenye sufuria, tikisa tena. Endelea mpaka viishe. Chora grafu: mlalo ni idadi ya kumwaga, wima ni vipande vilivyobaki.

Usishangae mara ya kwanza ukibaki na 46 au 55 badala ya 50. Tazama mambo mawili. La kwanza, mstari unaanguka kwa kasi mwanzoni, kisha unalegea, kwa sababu nusu ya vingi ni vingi na nusu ya vichache ni vichache. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi: shika mkononi kipande kilichonusurika mara tano. Je, kimechoka? Je, zamu yake imekaribia? Hapana. Kina nafasi ile ile ya nusu kwa nusu kama kilivyokuwa nayo mara ya kwanza. Kiini hakizeeki. Hakuna anayeweza kusema kiini hiki kitabadilika lini, lakini vikiwa vingi tunajua kwa uhakika nusu yake itachukua muda gani. Na ni vingi kweli: milligramu moja ya aidini-131 ina atomi zaidi ya milioni bilioni elfu nne.

Mwishoni vitabaki vipande vitatu au viwili, na hapo matokeo yatakuwa ya ovyo. Mara viishe vyote kwa mkupuo, mara vigome raundi tatu. Hiyo nayo ni somo: nusu maisha ni kanuni ya umati.

Hatua ya sita: hesabu za nusu maisha

Aidini, ile ile inayotiwa kwenye chumvi yenye madini joto, ina isotopu moja inayotoa mionzi, aidini-131, yenye nusu maisha ya siku 8. Inatumika kutibu magonjwa ya tezi ya shingo. Swali: una milligramu 80, zitabaki ngapi baada ya siku 32?

80 → 40 → 20 → 10 → 5

Hesabu mishale, usihesabu namba. Mishale ni minne, 4 × 8 = 32. Jibu ni milligramu 5. Aliyehesabu namba tano amepata siku 40, na kosa hilo nalisahihisha kila msimu.

Muda usipogawanyika sawasawa, tumia fomula: kilichobaki ni kilichokuwepo mara (½) kwa kipeo cha muda uliopita ukigawanywa kwa nusu maisha. Tuijaribu kwenye ziwa letu. Mmea ukiwa hai unapokea kaboni-14 kutoka hewani. Ukifa haupokei tena, na iliyomo inapungua kwa nusu kila miaka 5,730. Wanasayansi walitoboa matope ya chini ya Ziwa Victoria, wakapima umri wake kwa kaboni-14, na wakaona kwamba mwishoni mwa enzi ya barafu ziwa lilikauka. Lilianza kujaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Pale sangara wanapovuliwa leo palikuwa nchi kavu. Mabaki ya mmea wa wakati huo yamebakiza kaboni-14 kiasi gani? 15,000 ÷ 5,730 = 2.62. Kisha (½) kwa kipeo 2.62 ni 0.163, yaani karibu asilimia 16. Fanya mwenyewe kwenye kikokotoo uione.

Kobalti-60 ina nusu maisha ya miaka 5.27. Mashine za kutibu saratani zinazoitumia zinapoteza nguvu karibu asilimia 1 kila mwezi, kwa hiyo mtaalamu anaongeza muda wa tiba kadiri chanzo kinavyochakaa. Dozi iliyochukua dakika 2 kikiwa kipya itachukua dakika 4 baada ya miaka 5.27.

Hatua ya saba: kupigwa na mionzi si kubeba mionzi

Kuna binti nilikuwa namfundisha, wa kidato cha nne. Jioni moja alibaki baada ya wenzake kuondoka. Bibi yake alikuwa amerudi kutoka hospitali, amemaliza mizunguko ya mionzi ya saratani. Nyumbani walimtengea sahani, kikombe na mkeka, na wajukuu wakakatazwa kumsogelea kwa sababu "ana mionzi". Binti aliniuliza: "Mwalimu, nusu maisha yake ni muda gani?"

Hapa Mwanza, kwenye hospitali ya kilima cha Bugando, watu wa kanda nzima ya ziwa wanatibiwa saratani kwa mionzi, kwa hiyo swali hili lina maana kuliko maksi zote. Mashine ikikaa nje ya mwili na kurusha gama, mionzi inapita au inaishia humo kama mwanga. Washa tochi uumulike ukuta, kisha zima. Ukuta hauendelei kuwaka. Gama ya kobalti-60 ina nishati ya MeV 1.17 na 1.33 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe ndogo kama hizi), isiyotosha kugeuza viini vya mwili kuwa vya kutoa mionzi. Aliyetibiwa hivyo unakula naye, unalala naye, unambebesha mtoto mchanga. Nusu maisha ya bibi ilikuwa swali lisilo na jibu, kwa sababu ndani yake hakukuwa na chanzo chochote.

Aliyemeza aidini-131 ni habari nyingine. Yeye chanzo kimo ndani yake kwa muda, na hospitali humpa masharti ya siku kadhaa: kukaa mbali kidogo na watoto na wajawazito, kutumia choo kwa uangalifu. Masharti hayo yafuatwe, na yakiisha yamekwisha.

Yule binti alinieleza wiki iliyofuata kwamba alikunywa chai kwenye kikombe cha bibi yake mbele ya kila mtu, kisha akawachorea kwa mkaa ukutani kobalti iko wapi na bibi yuko wapi. Kikombe cha peke yake kikaondolewa.

Hatua ya nane: kupasua kiini

Mpasuko unafuata daftari lile lile la duka. Nyutroni inaingia kwenye urani-235, kiini kinapasuka, nyutroni nyingine zinatoka na kwenda kupasua jirani:

²³⁵₉₂U + ¹₀n → ¹⁴¹₅₆Ba + ⁹²₃₆Kr + 3 ¹₀n

Juu: 236 na 236. Chini: 92 na 92. Masi ya vipande ni pungufu kidogo kuliko ya mwanzo, na upungufu huo ndio nishati, karibu MeV 200 kwa kila mpasuko. Otto Hahn na Fritz Strassmann waliikuta bariamu hiyo Berlin mwaka 1938 wasielewe imetoka wapi, mpaka Lise Meitner na Otto Frisch walipoeleza. Urani ya asili, pamoja na ile ya Mto Mkuju kule Namtumbo, ina chini ya asilimia 1 ya urani-235, ndiyo maana inabidi irutubishwe, yaani sehemu ya urani-235 iongezwe, kwa ajili ya vinu vingi vya nyuklia.

Zoezi la mwisho

Majabali ya Mwanza, pamoja na Jiwe la Bismarck, ni ya jamii ya graniti, na graniti ina urani kidogo, gramu chache kwa kila tani. Urani-238 iliyomo inapita hatua nyingi za alfa na beta mpaka inafika kwenye risasi-206, yenye protoni 82, iliyotulia. Alfa ngapi, beta ngapi?

Anza na namba ya juu, kwa sababu beta haiigusi: 238 − 206 = 32, na 32 ÷ 4 = alfa 8. Alfa 8 zinaondoa protoni 16: 92 − 16 = 76. Lakini risasi ina 82. Zimepungua 6, na kila beta inaongeza moja. Beta ni 6.

Nusu maisha ya urani-238 ni miaka bilioni 4.47. Majabali haya yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Weka kwenye fomula: inabaki karibu asilimia 68. Theluthi ya urani iliyokuwemo jiwe lilipoganda imeshakuwa risasi.